Siku Mfumu Alipovua Mabati

Ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi majirani zangu hapa Ruashi wanadhani akili imeanza kuniaga. Ni siku ambayo nkambo yangu, yaani bibi yangu mzaa mama, alikwenda kuketi kwenye kizingiti cha mfumu wetu, mwenye nchi, akakataa kuondoka mpaka alipwe msitu mzima. Si shamba wala si mti mmoja, msitu. Na mimi nilikuwepo, nimesimama nyuma yake, nimejifunika uso kwa kitenge kwa aibu.

Nitakusimulia taratibu, maana chai yangu bado ya moto na miguu yangu haina safari leo. Tena nina hasira kidogo, na mimi nikiwa na hasira huanzia mbali. Juzi mjukuu wangu Eritie aliingia uani anatweta, yeye na rafiki yake Rashidi, mtoto wa majirani zetu Waislamu wa Maniema. Walikuwa na furaha ya watu waliofunga bao. Kumbe walikuwa wamesimama barabarani kuwazuia wanaume wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka msituni, wakiwafokea kwamba wao ndio wanaoharibu mvua. Mmoja walimwangushia gunia.

"Nkambo, leo tumetumika kazi ya inchi," Eritie akaniambia.

Nilimtazama. Nilikuwa namwona msichana mmoja wa zamani mwenye kiburi kama chake, na msichana huyo ni mimi.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza sekondari hapa mjini. Nilikuwa na diplome yangu mkononi, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kuliko mkate wa hamira. Nikarudi kijijini kwa nkambo, upande wa njia ya Kasenga, kungoja wakubwa waamue nitasomea nini. Kijiji chetu kiliishi kwa msitu. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga, ambao kwetu unaitwa bowa, ulichipuka chini ya miti ya misamba, mwingine mpana wa kutosha kumfunika mtoto kichwa. Baadaye walifika vinkubala, wale viwavi wanene wanaokula majani ya miti ya mitondo. Kama hujawahi kula vinkubala vya kukaanga na kitunguu, na bukari ya moto, ugali wetu, pembeni, usinibishie habari za utamu. Ngoja kwanza ule, ndipo tuzungumze.

Msitu huo ulikuwa na desturi yake. Hakuna mtu aliyegusa kinkubala kabla mfumu hajaufungua msitu. Wa kwanza walipelekwa kwake, akawaombea wazee waliotangulia, ndipo alipotuma mtu apite kijijini akipiga kengele. Kukata mti ili uwafikie walioko juu ilikuwa kosa la kulipia mbuzi. Hata moto ulikuwa na siku zake: nyasi zilichomwa mapema, zingali na unyevu, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usije ukala miche na mayai ya wadudu. Mdomo mmoja ulifunga na mdomo huohuo ulifungua. Uzuri wake ni kwamba ukijizuia wewe, ulijua na jirani yako amezuiwa.

Basi mwaka huo mdomo ulinyamaza. Alikuja tajiri mmoja kutoka mjini na lori, akamletea mfumu zawadi ya mabati ya kuezekea nyumba nzima, pamoja na misumari yake. Alisema hataki kitu, ni heshima tu. Mwanangu, ukiona tajiri amekuletea misumari na hataki kitu, shika mfuko wako. Haukupita muda mrefu wakaja vijana wake wenye mashoka, wakaanza kuangusha mitondo na kuchoma makala. Mfumu aliwaona, akatazama upande mwingine. Watu nao, walipoona mwenye nchi hasemi kitu, wakachukua mashoka yao. Utawalaumu? Kama mti utakatwa hata hivyo, bora ukatwe na wewe upate chumvi.

Nkambo alikuwa halali vizuri siku zile. Vinkubala vyake, akivikausha na kuvipeleka mjini, ndivyo vilivyonivalisha sare ya shule mimi, na ndivyo alivyokuwa anavitegemea kuwasomesha wadogo zangu. Mitondo ikiisha, basi na shule yao imeisha. Aliniambia hivyo siku moja huku anachochea mbabula, jiko lake la makala, bila kunitazama.

Mimi na diplome yangu tukajua la kufanya. Nikaenda kusimama kwenye njia ya msituni. Wa kwanza kutokea alikuwa Mama Ngosa, mjane, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na gunia la makala kichwani. Nikamfundisha somo zima, la mizizi na mawingu na majani yanayopumua, kwa Kifaransa cha shule ambacho hakuwa na kazi nacho. Alipotaka kupita nikalivuta gunia. Makala yote yakamwagika kwenye tope.

"Mama, ni weye njo unafukuza mvula!" nikamwambia.

Mama Ngosa hakugombana. Alikaa chini palepale njiani, akanyoosha miguu yake iliyochoka, akaniuliza kwa upole tu: "Mutoto ya mwenzangu, sasa leo tutakula nini?"

Mimi na diplome yangu tukageuka kurudi nyumbani.

Habari ilifika kwa nkambo kabla yangu. Hakunipiga, na ningefurahi kama angenipiga, maana yangekwisha upesi. Alinirudisha mpaka pale njiani akaniamuru niokote makala, kipande kwa kipande, nikiyaosha tope, mpaka gunia lijae. Kisha akanitwisha gunia lenyewe nilipeleke barabarani kwa niaba ya Mama Ngosa. Alitembea nyuma yangu akimtangazia kila tuliyekutana naye: "Mupishe njia, mwalimu ya mvula anapita!" Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Mikono yangu ilibaki myeusi, na shingo iliniuma hata nikashindwa kugeuka kumtazama aliyenicheka zaidi.

Tuliporudi nyumbani akaninawisha mwenyewe, kama mtoto mdogo, ndipo aliponiambia neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

"Weye unagombeza mikono. Kichwa unakiogopa."

"Kichwa njo nani, nkambo?"

"Njo ule iko chini ya mabati. Sikia. Ngosa akiacha kukata leo, mwengine atakata ule muti kesho, na Ngosa atalala njaa bure sawa mujinga. Lakini mfumu akisema basi, bote banaacha siku moja. Iyo njo kazi ya mukubwa. Shiye hatuna iyo mudomo."

Nikamwambia basi nitakwenda kwa mfumu mimi. Alicheka. "Weye? Na iyo Kifaransa yako? Hapana. Kwa mfumu nitaenda miye, maana miye niko munungwe wake."

Hapa nisimame kidogo nikueleze, maana ninyi wa mjini mengi mmeyasahau. Kwetu koo zina utani. Ukoo wetu ni wa Mvula, yaani mvua, na ukoo wa mfumu ulikuwa wa Bowa, ukoo wa uyoga. Watu wa koo zinazotaniana hivyo huitwa banungwe, nao wana ruhusa ya kuambiana lolote mbele za watu, hata tusi, na aliyeambiwa akikasirika aibu ni yake. Munungwe anaweza kulala ndani ya kaburi mlilochimba akakataa kutoka mpaka mmpe kitu. Akikukalia mlangoni humwondoi kwa nguvu, unamlipa. Wazee waliotuwekea desturi hiyo hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mfumu husifiwa kutwa, kwa hiyo wakamtafutia mtu wa kumwambia kweli huku watu wanacheka.

Siku ya kusherehekea paa jipya ikafika. Ngoma zilipigwa, mitungi ya kinywaji cha munkoyo ikapangwa, na tajiri wa mjini akapewa kiti cha mbele. Mabati yalimeta hadi ukalazimika kufumba macho. Kijiji kizima ni nyasi, na katikati yake nyumba moja inayong'aa. Kuku walikuwa wanaiogopa. Mfumu alivaa koti lake zito, jasho linamtiririka, akasimama ndani ya baraza kuhutubia. Na nkambo akapita katikati ya watu wote, akajiburuta kwa makusudi kama mgonjwa, akaketi kwenye kizingiti, miguu huku, mgongo kule. Ndipo nilipojifunika uso.

"Weye Bowa!" akaita. "Nani alikuotesha?"

Watu wakaangua kicheko. Mfumu akajua kazi imeanza. "Ni Mungu," akajibu.

"Mungu alituma nani? Shi alituma shiye Mvula! Bila shiye weye ungekuwa bado chini ya udongo, unauliza njia."

"Na ninyi Mvula hamuna adabu," mfumu akasema, naye ameanza kucheka. "Munaingia kwa nyumba ya bantu bila hodi. Toka kwa mulango wangu, mama, nitakupa kuku."

"Kuku sitaki."

"Nitakupa kitenge."

"Kitenge niko nayo. Niangalie vizuri, niko uchi?"

Wakati huo mawingu yalikuwa yamejaa, na sasa mvua ikashuka, ile kubwa yenye matone mazito. Mwanangu, hujapata kusikia kelele kama ile. Mfumu alifungua mdomo kusema, tukaona midomo inakwenda lakini hatukusikia neno. Alipaza sauti, wapi! Bati lilinguruma juu yake kuliko ngoma zote. Mzee mshauri wake alimpigia kelele sikioni, naye mfumu akamwuliza kwa ishara, nini? Nkambo akainua mikono yote miwili juu, akapaza sauti: "Ndugu zangu bamefika!" Hata tajiri alicheka, na mimi nikatoa kitenge usoni maana nilitaka kuona. Mwishowe mfumu hakuwa na njia nyingine ila kutoka nje ya paa lake, akasimama na koti lake kwenye mvua, mbele ya nkambo, ili aweze kumsikia.

"Sema bei yako, mama. Unataka nini?"

"Nataka musitu. Ufunge musitu."

Kicheko kilikufa. Mzee mshauri akasonga mbele, uso umemkunjamana, akasema, "Mama, hapa umepita mupaka. Iyi haiko tena mchezo." Nami nikaogopa kwelikweli, mwanangu. Kuomba kuku ni utani. Kumwambia mwenye nchi, mbele ya mgeni wake, namna ya kuitawala nchi ni jambo jingine, na watu walishafukuzwa kijijini kwa madogo kuliko hilo.

Mfumu hakumfukuza. Alipangusa maji usoni, akauliza swali ambalo, nikilitazama leo, lilikuwa swali la mtu mwenye akili. "Mama, aba bantu banakata miti juu ya njaa. Miye nitakataza njaa?"

"Njaa haikatazwake," nkambo akajibu. "Lakini lile bonde ya mayi, yenye udongo muzuri, ni ya nani?"

"Ni ya jamaa yangu."

"Banalima?"

"Kidogo."

"Na ule mwenye lori, nani alimufungulia mulango?"

Mfumu akayatazama mabati yake. "Ni miye."

"Basi, Bowa yangu, haiko njaa yote inatoka kwa Mungu."

Mama Ngosa alikuwa amesimama pembeni na kanga yake imelowa. Alisema kwa sauti ndogo, "Mfumu, ukinipa kipande ya bonde, miye leo leo ninaweka shoka chini." Wanawake wengine wakaitikia, mmoja, na mwingine, na mwingine.

Mfumu aliwatazama. Alimtazama nkambo, akatikisa kichwa, na kicheko kikamrudia polepole. "Weye Mvula, siku moja utaniozesha na mayi yako," akasema. "Sawa. Nimelipa. Musitu umefungwa, na bonde nitagawa. Simama sasa."

Nkambo hakusimama.

"Nini tena?"

"Mabati. Umurudishie mwenyewe. Bowa haivaake kofia ya chuma."

Hapo ndipo nilipomheshimu mfumu yule, Mungu amrehemu. Angeweza kusema mabati ni suala jingine. Alijua kwamba akibaki na mabati, neno lake la kufunga msitu lisingemaliza hata juma moja, maana kila mtu angesema mfumu ameshakula chake. Akaomba nyundo. Mvua ilipopungua akapanda ngazi mwenyewe, na koti lake na uzee wake, vijana wakimshika miguu, akang'oa msumari wa kwanza. Iliyobaki waliimalizia vijana. Usiku huo alilala kwenye nyumba isiyo na paa, akalowa kama sisi sote, na kesho yake akapiga chafya mpaka nkambo akamtumia tangawizi. Tajiri aliondoka na mabati yake kwenye lori, hakuaga mtu.

Usidhani vinkubala vilijaa kesho yake. Mwaka ule tulipata vichache, na Mama Ngosa alinung'unika kwamba bonde lina mbu. Lakini mwaka uliofuata kengele ilipita kijijini, nasi tukaingia msituni na vikapu tukiimba, na wadogo zangu wakarudi shule. Mdogo wangu wa mwisho leo ni muuguzi, mtu mnene sana, hali vinkubala, anasema vinamwangalia. Hana shukrani hata kidogo.

Ningeishia hapa ingekuwa hadithi tamu, lakini nilikuambia nina hasira, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho. Yule tajiri hakurudi mjini. Alivuka kijito, akampelekea mfumu wa ng'ambo ya pili mabati yaleyale. Mfumu wetu alivaa koti lake akaenda kumsihi mwenzake. Akajibiwa: mla, mla leo, mla jana kala nini? Wakakata mpaka ukingoni. Miaka michache baadaye, kila mvua ikinyesha, udongo wa upande ule ulishuka wote kijitoni, na shimo tulilokuwa tunalowekea mihogo likajaa mchanga. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alilichuma kwake akaja kula na sisi majirani. Mfumu wetu aliona huzuni kubwa, akaniambia siku moja, "Neno langu linaishia kwa kijito. Hapa tunahitaji mukubwa kunishinda miye na kumushinda ule."

Sasa umeona ninakokupeleka? Moshi hauombi pasi mpakani. Wataalamu wanatueleza kwamba joto hili na mvua hizi zilizochanganyikiwa zinatokana na moshi wa dunia nzima, wa viwanda na magari na misitu inayoungua, na mimi siwabishii maana mahindi yangu yananiambia hilohilo. Mvua inachelewa mpaka mbegu inakufa ardhini, tunapanda tena, halafu inakuja yote kwa mkupuo na kuingia nyumba za watu kule Naviundu, vyungu vinaelea. Hilo halitamalizwa na kijana aliyesimama barabarani kumwangushia mtu gunia. Mama wa hapa Ruashi hapiki kwa makala kwa kuupenda moshi. Anapika kwa makala kwa sababu umeme huja kwake kwa kubahatisha, na unapokuja amelala. Kule Golf, mtaa wa matajiri, wana jenereta na sola, hawana habari. Na shaba yetu na kobalti yetu, inayochimbwa hapa jirani hata nasikia milipuko yake kitandani, inakwenda ng'ambo kutengenezea magari yasiyotoa moshi, na sisi tulioketi ukingoni mwa shimo tunapuliza mbabula. Nani anaweza kuligeuza jambo hilo? Mama Ngosa? Mwenye baiskeli? Anayesaini ruhusa za migodi ni mkubwa. Anayeweza kuleta umeme wa mito yetu hadi jikoni ni mkubwa. Na mataifa yaliyokwisha kuchafua zaidi yetu yakiketi mezani, mwenye kiti pale kwa jina letu ni mkubwa, si mimi na chai yangu.

Rashidi, yule rafiki wa Eritie, aliponisikia nikisema hivyo alinijibu, "Lakini nkambo, bakubwa habasikiake."

Nikamwambia, "Mwanangu, hata mfumu wetu hakuwa anasikia. Mutu alienda kukaa kwa mulango wake."

Jana asubuhi niliwatuma wote wawili wamtafute mwenye baiskeli waliyemwangushia gunia. Wamempata. Anaitwa Baba Mumba. Hakuwatukana, aliwapa baiskeli waisukume kilima kizima, wakafika juu ndimi nje. Eritie amerudi na malengelenge viganjani na heshima mpya kichwani, na ameniambia kwamba Baba Mumba mwenyewe anachukia kazi ile, kwamba kila mwaka analazimika kwenda mbali zaidi kutafuta mti, na kwamba ana mengi ya kumwambia mtu mkubwa kama angepata njia. Na njia ipo. Juma lijalo wabunge wetu watakuwa hapa mjini kuzungumza na wananchi. Nimewaambia waende wote watatu, na Baba Mumba akae katikati.

Basi haya ndiyo ninayokuusia, wewe na wao. Usimwonee mnyonge ukajiita mtetezi wa miti. Panda mti wako, ni vizuri, lakini usidhani umemaliza. Nenda kwa mwenye mdomo wa kufunga na kufungua. Nenda na heshima, na kama unaweza nenda na kicheko, maana mtu anayecheka hafungi masikio. Ukifika usiombe kuku wala kitenge. Wakikugawia fulana na kofia, wewe uliza habari za msitu, za umeme, za mito, na uliza tena. Mwulize yeye mwenyewe atarudisha nini, kwa sababu kiongozi asiyetaka kupoteza kitu hawezi kumwomba mjane apoteze chakula. Mkumbushe kwamba akichelewa, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo mtaujenga ninyi watoto, yeye hayupo. Na akikubali, mwanangu, mshukuru mbele za watu, kisha usisimame mpaka uone kazi imeanza.

Ninyi viongozi nanyi, kama maneno haya yatawafikia, sisi hatuwachukii. Tunawapenda kama ndugu wa utani, ndiyo maana tunawaambia. Mkiogopa hasara, kumbukeni kwamba mzee mmoja alilala kwenye mvua usiku mmoja, na mpaka leo wajukuu wa kijiji kile wanalitaja jina lake kwa furaha.

Mungu akupe miguu ya kwenda, mwanangu, na ulimi usiotetemeka ukifika. Akupe wakubwa wenye masikio. Akujalie mavuno kwa wakati wake na watoto wenye kushiba. Mimi mvua zangu zimenitosha, nimeshazilowa na nimeshazila. Ninazozidai sasa ni zako.